Uzi: Mtu mzima kujifunza kuchora picha za hadithi, unaanzia wapi? (Lamu)

Fundi_Nakshi

Asalaam aleikum jamaa. Wengi mmeniandikia pembeni mkiuliza haya masomo yangu ya jioni ni ya nini hasa, mtu ndevu zishaingia mvi anazunguka mtaani na daftari na penseli. Nimeona bora niandike uzi mmoja nimalize, manake kujibu mmoja mmoja nachoka.

Mi ni fundi wa milango hapa Mkomani. Mkono sina shida nao, nipe ubao nikupigie ua la duara bila bikari. Ila ninachotaka sa hii ni kitu kingine, nataka hadithi za Liyongo, yule shujaa wetu wa zamani wa tenzi, na zile za sungura na fisi tulizosimuliwa usiku niziweke kwa picha, mtoto akifungua kitabu hata kama hajajua kusoma aelewe nani anafanya nini na nani anamuogopa nani. Na kwa hilo mkono peke yake hautoshi. Picha nzuri na picha inayosimulia ni mambo mawili, na mwalimu wetu (mzee mstaafu, simtaji manake hapendi mambo ya mitandao) hilo ndo analolipigia kelele kila siku. Ukimpelekea uso wa mzee umeuchora mpaka vinyweleo vya pua anakuuliza swali moja tu, huyu anataka nini? Huna jibu, unarudishiwa karatasi yako.

Tunachoanza nacho ni vijipicha. Unagawa karatasi visanduku vidogo vidogo, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, alafu tukio moja hilohilo unalichora mara nyingi, kila mara jicho umelikalisha mahali pengine. Juu ya paa, chini usawa wa miguu, nyuma ya mlango, karibu kabisa na uso. Hakuna nyusi hakuna vidole hakuna nakshi, ni nyeupe, kijivu na nyeusi basi. Sababu yake ni kwamba kwa sanduku dogo namna ile huwezi kujificha nyuma ya ufundi, tukio linasomeka au halisomeki. Libandike ukutani urudi nyuma hatua kadhaa, ukiwa bado unaona nani ni nani hilo ndo la kukuza, hayo mengine tupa na usiyaonee huruma.

Mfano. Liyongo yuko kifungoni. Mamake kampelekea chakula kwa mkono wa Saada, kijakazi wao, kuna mkate mzuri na kuna wa wishwa, yaani wa makapi, na tupa ya kukatia pingu imefichwa ndani ya ule wa wishwa. Walinzi wanakula mzuri wanamwachia ule mbaya. Haya chora. Mtu akiambiwa hivo moja kwa moja anakimbilia Liyongo anakata minyororo, misuli imetuna, jasho linamtoka. Sawa, lakini hapo mambo yashaisha, hakuna tena cha kuogopa. Ukichora mama anakanda unga ni mapema mno. Patamu ni pale mkono wa mlinzi umeshika ule mkate wa wishwa kwa ncha za vidole, kaudharau, anataka kuutupa, na Liyongo anautazama huku anajifanya hautazami. Msomaji anajua kilichomo, mlinzi hajui.

Na si mambo ya mwalimu wetu peke yake haya. Kuna Mjerumani anaitwa Lessing, mwaka 1766 alishaandika kwamba mchoraji anapewa kitambo kimoja tu katika tukio zima, kwa hiyo achague kile ambacho mtazamaji atajiongezea mwenyewe yaliyotangulia na yanayokuja, na kilele chenyewe akiepuke kwa sababu ukishafika kilele mawazo hayana tena pa kwenda. Nilipoelezwa hilo ule mkate wa wishwa ukaniingia akilini mpaka leo.

Ulizeni.

Punda_wa_Mjini

Ami hadithi tunaijua sote, lakini mi hata punda siwezi kuchora na naishi nao mlangoni, nikichora anatoka farasi mwenye maskio. Si bora nianze na misingi kwanza, mifupa, misuli, alafu hayo ya hadithi yaje baadaye?

Fundi_Nakshi

Anatoka farasi kwa sababu unamchora wa kichwani mwako, wa mlangoni hujamwangalia. Kesho asubuhi kaa pale mbele ya bahari wakati wanapakia mchanga na mawe uangalie mkia. Farasi nywele za mkia zinaanzia juu kabisa, punda wake ni mkia mwembamba alafu fundo la nywele mwishoni. Kichwa ni kikubwa kuliko unavodhani. Nywele za shingo zimesimama wima, hazilali upande. Na wengi wana mstari mweusi mgongoni unaokatwa na mwingine unaoshuka mabegani. Mchore nusu dakika, muache, mchore tena. Usifute, raba iache nyumbani. Akisogea usimlaani, anzisha mwingine palepale pembeni ukurasa ujae.

Mwalimu_wa_Malindi

Ndugu yangu Fundi hapo naomba nikupinge kidogo. Nafundisha watoto huku Malindi na kuchora nachora pia. Huwezi kumpa mtu hadithi bila misingi. Asipojua mtu mzima ni kama vichwa saba na nusu kutoka utosi mpaka kisigino, mtoto wa miaka mitano ni kati ya vitano na sita, na macho yanakaa katikati ya kichwa si juu karibu na nywele, basi watoto wote kwenye kitabu chake watatoka wazee wafupi. Nimeona vitabu vimechapishwa kabisa na vina hao wazee wafupi.

Fundi_Nakshi

Mwalimu sijasema aruke misingi, nimesema asikae mlangoni mwaka mzima akiingoja. Sisi watu wazima tuna saa moja ya kuiba baada ya isha, watoto wakilala, na siku nyingine hata hiyo hakuna kuna harusi kuna msiba kuna mgeni. Hiyo saa ukiimaliza yote kwa kuchora mifupa ya nyonga utaacha kabla ya Ramadhani, nimeona wenzangu. Jifunze kile ambacho ukurasa wa leo unakidai. Ukurasa una mkono umeshika mkate, basi wiki hii ni mikono, yako mwenyewe, ya mkeo, ya muuza samaki. Wiki ijayo ukurasa unadai mtu amepiga goti, unatafuta mtu apige goti.

Mwalimu_wa_Malindi

Hapo tumekaribiana. Lakini hivo vichwa saba na nusu avijue leo kabla hajalala, ni dakika tano tu.

Fundi_Nakshi

Haya hilo nakupa.

Binti_Shela

Kaka mi nakwama kwa vichochoro. Nikichora kichochoro cha mjini nyumba zote zinaanguka, na watu nikiwaweka ndani mmoja anaonekana jitu mwingine anaelea hewani.

Fundi_Nakshi

Dada dawa yake ni mstari wa macho. Kabla ya kitu chochote piga mstari mmoja wa kulala, huo ni urefu wa macho yako hapo ulipo. Kichochoro kikiwa kimenyooka, kingo zote zinazokwenda mbali na wewe, msingi wa baraza, vizingiti, mwisho wa paa, zinakimbilia nukta moja juu ya huo mstari. Za juu yake zinashuka, za chini yake zinapanda. Za wima ziache wima. Ila vichochoro vyetu vingi vimepinda, kwa hiyo kila kipande cha ukuta kina nukta yake, lakini nukta zote zinabaki kwenye mstari uleule mmoja, wengi hapo ndo wanapopotea.

Watu sasa. Ukiwa umesimama na ardhi ni tambarare, mtu yeyote wa urefu wako, awe karibu awe kule mwisho, macho yake yanakaa kwenye mstari huo. Anapungua kwa chini tu, miguu inapanda. Basi hakuna tena wa kuelea. Ukiwa umekaa barazani mstari unashuka na watu waliosimama unawapitia karibu na kiuno, wote, wa mbele na wa nyuma. Na huo mstari ndo unaosimulia pia, manake ukiushusha mpaka usawa wa macho ya mtoto, kila mtu mzima kwenye picha anakuwa mrefu wa kutisha bila wewe kumchora anatisha. Liyongo ni mtu mrefu mno kwa masimulizi yote, sasa badala ya kumjaza misuli mpitishe kwenye mlango wa kawaida wa Lamu ainame.

Kuhusu kivuli, usichore saa sita mchana. Sisi tuko digrii mbili tu kusini mwa ikweta, jua linakaa utosini na vivuli vinaishia chini ya miguu, picha inakuwa bapa. Asubuhi au baada ya alasiri ukuta mmoja unakuwa mweupe kabisa na wa pili mweusi kabisa, umepata picha yako bure. Alafu pale unapotaka jicho liende weka cheupe kabisa kando ya cheusi kabisa, kwengine kote punguza. Ukiweka hiyo vita ya cheupe na cheusi kila mahali jicho linazurura tu.

Shungi

Samahani jamani swali langu ni zito kidogo. Nyumbani kwetu nyanya hataki picha za viumbe, na mi namuheshimu siwezi kubishana naye. Lakini napenda sana haya mambo. Nifanyeje?

Fundi_Nakshi

Mwanangu hilo la hukumu muulize sheikh wako, mi ni fundi wa milango siwezi kukupa fatwa. Ninachoweza kukwambia ni mambo mawili. La kwanza ni historia tu, kwamba mwaka 1237 alikuwepo al-Wasiti, aliyeziandika Maqamat za al-Hariri, kitabu cha visa vya kiarabu, kwa mkono wake na kuzichorea picha mwenyewe, picha 99, nakala iko Paris na ukiitafuta kwenye mtandao utaiona. Humo kuna meli watu wamechungulia kwenye vidirisha, kuna ngamia, kuna misikiti, kuna sokoni. Angalia anavokujulisha yule Abu Zayd, mjanja wa visa hivo, kila anapotokea hata akiwa kajibadilisha, hata kama una maoni yako kuhusu picha hapo kuna shule.

La pili ndo zoezi ninalokupa, na darasani ndo nililolipenda kuliko yote. Simulia bila kiumbe hata kimoja. Vitu tu. Viatu mlangoni. Picha ya kwanza kuna jozi moja ya makubadhi imepangwa vizuri. Ya pili jozi nyingi zimerundikana na kuna kandambili za watoto. Ya tatu imebaki ile jozi ya kwanza na kando yake kiatu kimoja cha mtoto, kimepinduka. Tayari mtu ameshaanza kujiuliza. Hujachora hata ukucha. Ukiweza kusimulia kwa viatu, watu watakuwa rahisi, na ukiamua kutochora watu kabisa bado utakuwa mchoraji wa hadithi kamili.

Punda_wa_Mjini

Ya nne viatu vyote havipo na mvua imenyesha 😂

Shungi

Ya nne makubadhi yapo ila yameangalia nje. Yaani mwenyewe anataka kuondoka.

Fundi_Nakshi

Shungi we usiende popote. Umegeuza viatu tu na picha nzima imebadilika, hujaongeza kitu.

Nahodha_Mstaafu

Vijana mimi sichori ila nina neno na nyinyi wachoraji wote. Mnachora jahazi tanga limejaa upepo wa kusi, bendera inapepea kana kwamba upepo ni wa kaskazi, na moshi wa jikoni unapanda wima kana kwamba hakuna upepo. Foromali, ule mti unaobeba tanga, mnaifunga katikati ya mlingoti sawasawa inakuwa herufi T. Mtu wa Matondoni, kule wanakounda majahazi, akiona anacheka mpaka anakaa chini. Mtoto wa baharini ukimdanganya kwa jahazi hatakuamini kwa Liyongo.

Fundi_Nakshi

Mzee shikamoo, umesema kweli tupu. Upepo ni mmoja kwa ukurasa mzima, tanga, bendera, buibui, minazi, moshi, vyote vinautii. Na kama ukurasa unaofuata ni safari ileile hauwezi kugeuka bila sababu.

Hapo hapo niongeze la mwelekeo manake hili kwetu lina utamu wake. Kitabu cha herufi za kizungu jicho linaenda kushoto kwenda kulia, kwa hiyo jahazi likielekea kulia linaonekana linakwenda mbele, likielekea kushoto ni kama linarudi ama linakutana na kizuizi. Adui mwingize kutoka kulia, anapingana na jicho la msomaji, ndo anaonekana mzito. Lakini ukiandika kwa herufi za kiarabu, kama tenzi zetu zilivokuwa zikiandikwa zamani, kila kitu kinageuka. Omo, yaani mbele ya jahazi, ikielekea kushoto ndo inakwenda mbele. Mtu akichukua picha za kitabu cha kizungu akazitia maandishi ya kiarabu bila kuzigeuza, mashujaa wote wanarudi nyumbani. Na hata kuzigeuza ni hatari, watu wote watakuwa wanakula kwa mkono wa kushoto.

Mwalimu_wa_Malindi

Hilo la mkono wa kushoto sijawahi kulifikiria wallahi. Swali, kitabu chenyewe kinakuwa na kurasa ngapi? Mi najichorea tu mpaka hadithi iishe.

Fundi_Nakshi

Usijichoree mpaka iishe, hesabu kwanza. Vitabu vya picha vya watoto mara nyingi ni kurasa 32, na si uchawi, ni kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo ikichapwa pande mbili na kukunjwa inatoa kurasa 16, mbili zake ni 32. Toa ukurasa wa jina, wa haki na vinginevo, unabaki na mapana kumi na mbili mpaka kumi na nne hivi ya kurasa mbili zinazotazamana. Chora yote kwa visanduku kwenye karatasi moja ukutani, kitabu kizima unakiona mara moja. Hapo utaona umekalia kifungoni kurasa saba na kisima, pale Liyongo anapofia, umekipa nusu ukurasa.

Alafu tumia kule kufunua ukurasa. Swali likae ukurasa wa kulia, jibu likae nyuma yake. Mlinzi anainua mkate, funua. Kwa herufi za kiarabu swali linakaa kushoto. Uso wa mtu usiuweke kwenye mkunjo wa katikati utamezwa na gundi. Nafasi ya maneno iache toka kwenye kijipicha, usije kumaliza mbingu yako nzuri alafu ukabandika maneno juu yake. Ukipeleka kuchapa ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, na skani iwe dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) kwa ukubwa halisi, picha ya simu iliyopitia WhatsApp haifai.

Na maneno yasirudie picha. Wakati wa ngoma ya gungu, Liyongo anakata pingu huku kelele zinamfichia sauti ya tupa. Maneno yakisema "Liyongo alikata pingu watu wakiimba" na picha ikaonyesha hivohivo, mmoja wenu hana kazi. Maneno yaseme ngoma tu, ilivokuwa tamu, nani alipiga nini. Picha ionyeshe migongo ya walinzi, mikono ya wapiga ngoma iko juu, midomo wazi, na kule chini pembeni mkono mmoja umetulia na tupa. Huo utulivu ndo unaosikika.

Binti_Shela

Sasa kaka kile kisima. Mwana wa Liyongo (wengine wasema mpwawe) kamchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa amelala, naye kaenda karibu na kisima kapiga goti, upinde kauvuta, kafa hivohivo. Watu wanaogopa kuteka maji siku kadhaa, wanadhani yu hai. Unaichoraje? Manake mtu aliyekufa na mtu aliyetulia kwa picha ni yuleyule.

Fundi_Nakshi

Nilikuwa nangoja mtu aulize. Kwenye picha kila mtu hasogei, kwa hiyo kifo chake hukionyeshi kwake, unakionyesha kwa vilivyomzunguka. Ndege katua begani. Kivuli chake ukurasa huu kiko upande huu, ukurasa unaofuata kimehamia upande wa pili, yeye yuleyule, upinde uleule. Vumbi limeshika wayo. Watu wa mjini wako mbali hawavioni hivo vitu, msomaji anaviona.

Mwalimu_wa_Malindi

Mi ningekaa nyuma ya wale wanawake wenye mitungi. Migongo yao mikubwa mbele, yeye mdogo kule mbali. Hofu iko karibu na sisi.

Binti_Shela

Mi ningekaa nyuma yake yeye, nione anachokilenga. Mshale uko mbele kabisa na kule mwisho wake anakuja mama yake peke yake kumbembeleza.

Nahodha_Mstaafu

Ndani ya kisima. Uko chini unaangalia juu, duara la mwanga, na hakuna ndoo inayoshuka.

Punda_wa_Mjini

Mzee na umesema huchori 🙌

Fundi_Nakshi

Mzee hiyo ni kali, lakini kutoka chini ya kisima Liyongo haonekani, na asiyejua hadithi ataona kisima tu. Inafaa kwa ukurasa wa pili yake, baada ya wale wanawake wa Mwalimu kukimbia. Kwa hiyo mpango ni huu: wanawake kwanza, funua, kisima kisicho na ndoo, funua, mshale wa Binti Shela na mama anakuja. Ndege anatua begani kuanzia ukurasa wa wanawake lakini mdogo kabisa, nukta ya wino. Kila mtu achore sanduku lake ukubwa wa kiberiti, nyeupe kijivu nyeusi, apige picha mchana kivulini bila flashi aweke hapa. Binti, mama usimchore analia. Mchore mikono iko wazi, yaani hakubeba kitu.